Bibi yangu ataikala wapi?

Alikuwa amekaa benchi la tatu, upande wa mlango, kamba za buti zake mpya amezilegeza. Sajini. Mtu mzima kuliko wenzake, mvi mbili tatu kidevuni. Somo la asubuhi lilikuwa limekwisha. Mkufunzi alifuta ubao, akapangusa chaki mikononi, akasema mwenye swali aulize. Mkono wa sajini ukainuka.

"Mama, uniulizie bakubwa: kozi ikiisha, bibi yangu ataikala wapi?"

Nikamgeukia mkufunzi, nikamwambia kwa Kiingereza: anamuulizia bibi yake, yaani mama wa mzazi wake, ataishi wapi mafunzo yakiisha.

Mkufunzi akatabasamu. Alikuwa mtu mwema, na jibu lake likawa jema vilevile. Mwambie bibi atabaki salama kijijini, na siku ya kuhitimu atajivunia mjukuu wake. Nikatafsiri. Darasa likanyamaza. Sajini alinitazama kwa muda, akasema "asante mama," akakaa.

Ilikuwa siku yangu ya tatu Kongo.

Upande wa pili wa senyenge

Kwetu Tanga bibi ni mama yake baba au mama yake mama. Kule Kivu bibi ni mke. Nililijua hilo saa kumi na moja jioni ya siku ileile, nilipotoka getini nikamkuta sajini amesimama kando ya senyenge na sahani ya bati mkononi. Ulikuwa wali na maharage yake ya mchana. Hakuwa amekula. Alikuwa anaupitisha uzioni kwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, na mtoto mwingine wa kama miaka minne ameng'ang'ania kitenge cha mama yake.

"Mama mukalimani," akaniita. "Huyu njo bibi yangu."

Nyuma yao, kwenye mteremko, kulikuwa na vibanda vya turubai na majani ya migomba. Nilikuwa nimeviona tangu siku niliyofika, nikadhani ni vya wakimbizi. Kumbe ni familia za askari. Walikuja na waume zao, wengine kwa lori, wengine kwa miguu, kwa sababu mume akihamishwa na mshahara unahama naye, na mke anayebaki nyuma habaki na kitu.

Tunasema bibi harusi. Kwenye kadi za mwaliko tunaandika Bwana na Bibi. Neno nilikuwa nalo mdomoni maisha yangu yote, na siku lilipohitajika sikulisikia.

Kosa la neno husameheka. Linalonikaa rohoni ni la kesho yake. Kesho yake niliingia darasani nikijua, nikakaa kwenye kiti changu kando ya ubao, na sikusema kitu.

Kwa nini ninaandika sasa

Hiyo ilikuwa 2011. Kambi siitaji, wala nchi ya wakufunzi. Kwa miaka mingi nilikuwa na njia ya kusimulia kisa hiki bila kujiumiza: nilikisimulia kama kisa cha lugha. Watu walicheka kidogo, nami nikacheka nao.

Halafu Septemba 2025 ikaja video kwenye simu yangu. Gwaride la kuhitimu, Rumangabo. Waasi wa M23 walikuwa wametangaza kwamba maelfu ya waliokuwa askari wa serikali wamemaliza mafunzo na sasa ni wa kwao. Wengi walikuwa wale waliosalimu amri Goma ilipoanguka mwishoni mwa Januari. Kwata safi, mikono inapanda pamoja, miguu inashuka pamoja.

Rumangabo! Wasomaji wangu wa Kivu hawahitaji kuelezwa. Kambi hiyo M23 waliichukua 2012, serikali ikairudisha 2013, M23 wakaichukua tena Oktoba 2022. Mmoja akiondoka, anayeingia anakuta uwanja wa gwaride umeshasawazishwa.

Nilisimamisha ile video mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nilikuwa natafuta mvi za kidevuni.

Sikumwona. Pengine amestaafu, pengine amekufa, pengine amerudi kulima. Lakini tangu siku ile swali lake linanirudia usiku, na sasa linanirudia kwa tafsiri yake sahihi.

Tulichokuwa tunahesabu

Nisiwaonee wakufunzi wale. Walikuja na moyo. Mkufunzi mkuu alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote, la kuzuia damu. Alikuwa na mkanda mweusi wenye kijiti cha kukaza. Unauvika pajani, juu kidogo kuliko jeraha, unavuta, unazungusha kijiti hadi damu ikome, unakifunga, unaandika saa kwenye paji la uso wa majeruhi. Aliwafanyisha mchana, akawafanyisha usiku gizani, akawafanyisha kwa mkono mmoja wa kushoto. Kijana mmoja alipoufunga vizuri akiwa amefumba macho, mkufunzi alimkumbatia kama mwanawe.

Nami nilitafsiri kila neno. Vuta, zungusha, funga, andika saa. Nilikuwa mzuri kwa hayo.

Kila Ijumaa ilijazwa fomu. Waliohudhuria, waliofaulu shabaha, risasi zilizotumika, masomo yaliyokamilika. Fomu hazikuwa za uongo. Walifaulu kweli. Ila hapakuwa na mstari wa kuandika askari alilala wapi, wala mwezi huu kapata nini mkononi, wala nani anayeshika orodha ya mishahara.

Baada ya miezi sita wakufunzi wakabadilishwa, wakaja wengine. Mkuu mpya akaniuliza swali lilelile ambalo wa kwanza aliniuliza siku ya kwanza: hivi hawa wanawake huko mteremkoni ni wakimbizi wa wapi? Yote ambayo yule wa kwanza alikuwa ameanza kuyaelewa yalipanda naye ndege.

Wiki chache baada ya kundi la kwanza kuhitimu, nilikwenda sokoni kununua sabuni. Kwenye turubai la mchuuzi, kati ya masufuria ya mitumba na betri, kulikuwa na jozi ya buti. Kamba zimefungwa pamoja, namba ya stoo imeandikwa kwa kalamu ya wino ndani ya ulimi wa kiatu. Nilizijua. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari wa kugawa buti zile, nikiwatafsiria saizi.

Sikuuliza nani aliziuza. Mama muuzaji ndiye aliyenieleza, bila kuulizwa: "Bake bao banalipa nyumba." Wake zao wanalipa pango.

Askari wa kwenye karatasi

Watanzania tunawajua watumishi hewa. Tuliwasaka sana kuanzia 2016, jina lipo, mshahara unatoka, mtu hayupo. Jeshi la Kongo liliishi na askari hewa miaka mingi kabla yetu. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulifika Kinshasa mwaka 2005 na kukuta karatasi zinataja askari zaidi ya laki tatu. Walipohesabiwa kichwa kwa kichwa, hesabu ilishuka vibaya sana. Kila jina la ziada lilikuwa mshahara wa mtu fulani mwenye nyota mabegani.

Kazi ya EUSEC ambayo naiheshimu kuliko mafunzo mengi haikuwa na bunduki hata moja. Walitenganisha njia ya amri na njia ya fedha, ili kamanda anayekuamuru usonge mbele asiwe ndiye anayekuja na mfuko wa mishahara. Maana kabla ya hapo mfuko ulikuwa unapita kwa jenerali, kwa kanali, kwa meja, na kila mahali ulipopita ulipungua uzito. Kuna jina wanajeshi wenyewe walilipa: operesheni retour. Fedha inatoka Kinshasa kwenda mbele, halafu sehemu yake inageuza njia kurudi ilikotoka.

Askari wa kawaida wa miaka ile alistahili chini ya dola 100 kwa mwezi. Mimi niliipata hiyo kwa siku mbili. Naiandika kwa sababu ni sehemu ya ukimya wangu.

Miaka ikaenda, na tofauti ikazidi. Goma ilipoanguka Januari 2025, wazungu wapatao 280, wengi wao Waromania, waliokuwa wamekodiwa kusaidia na kufundisha jeshi la Kongo, walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, mikono mitupu, mbele ya kamera. Iliripotiwa kuwa walilipwa kama dola 5,000 kwa mwezi. Pembeni yao, kwenye mahandaki ya Sake, karibu na Goma, alikuwa askari wa dola 100. Machi mwaka huohuo Rais Tshisekedi alitangaza kuongeza mishahara ya askari maradufu. Goma na Bukavu zilikuwa tayari zimekwenda.

Kisangani, halafu Minova

Hapa ndipo penye uzito, na nimeandika na kufuta sehemu hii mara tatu.

Mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya mimi kufika, Wamarekani walifundisha batalioni moja Kisangani, kwenye kambi iitwayo Camp Base. Batalioni ya 391, askari wapatao 750. Ilikusudiwa kuwa ya mfano. Hawakufundishwa kupiga shabaha tu. Walifundishwa haki za binadamu, walifundishwa kuhusu ubakaji na kuheshimu raia, walifundishwa hata kulima na kufuga samaki ili wajilishe. Tulipokuwa tunapanga kozi yetu, 391 ndiyo iliyokuwa inatajwa mezani. Tufanye kama Kisangani.

Tarehe 20 Novemba 2012 Goma ilichukuliwa na M23. Jeshi la serikali likarudi nyuma bila mpangilio, kando ya ziwa, kupita Sake hadi Minova, mji mdogo kama kilomita 50 hivi kutoka Goma. Kwa siku kumi hivi askari wale waliwageukia watu wa Minova. Waliiba, walivunja, walibaka. Umoja wa Mataifa ulithibitisha waathirika 135 wa ukatili wa kingono, wanawake na wasichana. Kati ya vikosi vilivyotajwa kimoja kilikuwa cha 391.

Kesi ilifunguliwa Goma, washtakiwa 39. Mei 2014 hukumu ikatoka: waliopatikana na hatia ya ubakaji ni wawili.

Wawili.

Jenerali Carter Ham, aliyekuwa mkuu wa kamandi ya Marekani kwa Afrika, alizungumza Januari 2013 kuhusu Mali, ambako kapteni aliyesomeshwa kwao alikuwa ameipindua serikali. Alikiri kwamba walifundisha sana mbinu na hawakutumia muda wa kutosha kwenye maadili. Nilipoyasoma maneno hayo nilitaka kuyaamini, kwa sababu yana dawa ndani yake: ongeza somo. Lakini Kisangani somo lilikuwepo. Wapo waliolitafsiri, kama mimi nilivyotafsiri la kwetu, na wapo waliolifaulu.

Wazee wa Zaire wana msemo wa Kilingala kutoka jeshi la Mobutu: raia ni shamba la mwanajeshi. Huo haukuandikwa ubaoni na mkufunzi yeyote, na jeshi lile lilikuwa na wakufunzi kuliko jeshi lolote ninalolijua. Waisraeli waliwafundisha kuruka na miavuli, na Mobutu mwenyewe alikwenda Israeli kuruka. Wakorea Kaskazini walifundisha divisheni ya Kamanyola, Wachina wakafundisha makomando, Wafaransa wakaja na nguvu baada ya vita vya Kolwezi 1978. Oktoba 1996 vita vikaanza mashariki, na Mei 1997 Kinshasa ikaanguka. Miezi saba. Kote walikopita wakikimbia, walipora kwanza.

Mama wa Goma

Kwa muda nilikuwa nimeshafika mahali pa kustarehe. Nilijiambia: askari asipolipwa, mke wake akilala kwenye majani ya migomba, kitu kama Minova kitatokea tu. Nikamweleza hivyo mama mmoja wa Goma ninayemheshimu sana. Alilea watoto wa wenzake wakati wa vita mbili. Tulikuwa tunamenya viazi.

Hakuinua kichwa.

"Hata miye habanilipake," alisema. "Nilishabaka nani?"

Nilikaa na kisu mkononi. Hata yeye hawamlipi. Amembaka nani?

Tangu hapo siwezi tena kuiandika hoja ile ilivyokuwa. Njaa haibaki mtu. Wake wa askari wenyewe walikuwa na njaa kuliko askari, na wao ndio waliobakwa jeshi jingine lilipopita. Aliyebaka Minova alichagua, na kamanda wake alichagua kutoona, na mahakama ikachagua wawili.

Lakini swali la sajini halikuondoka. Lilibadilika tu. Nilianza kuona kwamba hakuwa ananiuliza habari za chakula. Alikuwa anauliza kama yupo mtu yeyote, kati ya wote waliosimama mbele yake wakimtaka afe akitakiwa kufa, anayejua kwamba ana mke. Askari asiye na wa kumjibia nyumbani ndiye huyohuyo asiye na wa kumjibia anapovunja mlango wa mtu. Orodha inayompoteza mke wake ndiyo inayompoteza na yeye usiku wa Minova, hadi jaji akiuliza alikuwa wapi, hakuna karatasi yenye jibu.

Sina hakika kama mama yule angekubaliana na hili. Sijamwambia bado.

Na sidhani ni la Kongo peke yake. Irak, Juni 2014, Mosul iliachwa na jeshi lililofundishwa na Marekani kwa miaka, na Novemba yake Waziri Mkuu Haider al-Abadi akasema majina 50,000 jeshini ni hewa. Afghanistan, miaka ishirini na zaidi ya dola bilioni 80, Kabul ikaanguka tarehe 15 Agosti 2021 bila kupiganiwa. Askari waliokuwa kwenye vituo vya mikoani walikuwa hawajalipwa, wengine hawaletewi hata chakula.

Baba mdogo

Mwezi uliopita nilikwenda Muheza kumsalimia baba mdogo. Alistaafu jeshini zamani, ni mtu wa maneno machache. Aliingia jeshini 1966, wakati JWTZ inafundishwa na Wakanada. Mkanada alimfundisha redio. Baadaye Wakanada wakaondoka, 1970, wakaja Wachina.

Nilimsimulia yote, kozi, buti, video. Nilitegemea aniulize habari za silaha, maana wanajeshi wastaafu huuliza silaha.

"Wake zao walilala wapi?" akauliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza. Nikashindwa kujibu haraka, akadhani sikusikia, akarudia.

Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Halafu akanieleza habari ya maasi ya Januari 1964, ambayo yeye aliikuta ikisimuliwa kambini na waliokuwapo. Jeshi la Tanganyika lilikuwa limefundishwa na Waingereza, likapiga kwata vizuri kuliko sisi, alisema. Tarehe 20 Januari askari wa Colito, pale tunapopaita Lugalo, wakawakamata maofisa wao wa Kiingereza. Walitaka mishahara, na walitaka kuongozwa na watu wao. Ikabidi Mwalimu aombe Waingereza haohao waje kuwanyang'anya silaha, na jambo hilo lilimuumiza. Jeshi lile likavunjwa lote. Septemba 1 mwaka huo likaanzishwa jingine.

"Wakanada hawakutuletea utii," baba mdogo alisema. "Walitukuta nao. Mimi nilijua mwisho wa mwezi naitwa mezani, naweka sahihi, nahesabu mbele ya ofisa ambaye siye kamanda wangu. Mama yako mdogo alijua chumba chake ni namba ngapi."

Namba ngapi, nikamuuliza.

Akaitaja bila kufikiri. Zaidi ya miaka hamsini.

Mwaka ule mmoja

Kuna jambo linalonizuia kukata tamaa, nalo si la mbali. Jeshi lililokimbia Goma Novemba 2012 ndilo lililowashinda M23 Novemba 2013. Katika mwaka huo mmoja hakuna aliyebuni namna mpya ya kufundisha. Makamanda kadhaa waliokuwa wanajulikana kwa biashara waliitwa Kinshasa wasirudi. Wakawekwa wengine, Jenerali Lucien Bahuma juu na Kanali Mamadou Ndala mbele na makomando wake. Chakula kikaanza kufika mstari wa mbele. Brigedi ya Umoja wa Mataifa ikaingia kwa mizinga, na humo walikuwemo vijana wetu wa JWTZ chini ya Jenerali James Mwakibolwa. Uzito wa hiyo brigedi siupunguzi. Lakini watu wa Goma wa wakati ule watakwambia walichokiona kwa macho: kanali anayekula na askari wake.

Uvumi ulipoenea Julai 2013 kwamba Ndala anaondolewa, wakazi waliingia barabarani kupinga. Mji uliokuwa unajificha askari akipita ulitoka kumtetea ofisa.

Tarehe 2 Januari 2014 aliuawa kwenye shambulio karibu na Beni. Bahuma akafariki Agosti mwaka huohuo. Taratibu mambo yakarudi yalikokuwa, kwa kuwa yalikuwa yameshikwa na watu wawili watatu na hakuna aliyekuwa ameyaandika popote.

Meja wa nyuma ya darasa

Bado sijasema kwa nini nilinyamaza kesho yake.

Mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu ya kwanza, na nilitaka uongezwe. Hilo ni moja. Ratiba ilikuwa imebana, na mkalimani anayerudisha darasa nyuma kwa neno la jana hapendwi. Hilo la pili.

La tatu ndilo zito. Kila siku, kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa ya darasa, alikaa meja wa Kikongo. Alikuwa anasinzia, au alikuwa anafanya kama anasinzia. Yeye ndiye aliyekuwa anashika orodha ya mishahara ya kikosi kile. Sajini alijua hivyo aliponyoosha mkono. Darasa zima lilijua, ndiyo maana lilinyamaza vile. Mtu mwenye mvi alikuwa amekusanya ujasiri wake wote, akaliuliza swali lile mbele ya wageni na mbele ya meja, akitumia mdomo wangu. Mimi nikaligeuza kuwa habari za bibi kizee kijijini.

Nilijiambia kuwa nikilirudia nitamponza. Huenda ni kweli. Lakini yeye alikuwa ameshajiponza, na alikuwa ameshachagua.

Nimejiuliza wiki zote hizi kama tafsiri sahihi ingebadilisha chochote. Wakufunzi hawakuwa na mamlaka ya nyumba wala mishahara. Hayo yalikuwa mradi mwingine, wa watu wengine, wenye fomu nyingine. Mkufunzi yule asingeweza kumjengea mke wa sajini hata banda la bati.

Lakini ninamkumbuka vizuri. Alikuwa mtu wa kuuliza. Ningemwambia: sajini anauliza mkewe na watoto wake wawili, wanaolala pale nje mteremkoni, watakaa wapi kozi ikiisha. Angekunja uso kidogo, kama alivyokuwa akikunja mtu anapofunga mkanda vibaya. Halafu angeinua macho, kupita vichwa vya watu mia na ishirini, hadi kwenye kile kiti cha plastiki, na meja angelazimika kufumbua macho na kusema kitu.